Matibabu Bila Kuuza Shamba: Somo la Vikundi vya Mitaa



Somo letu la safari hii linahusu jambo linalozungumzwa sana nje ya kanisa baada ya ibada, lakini mara nyingi huzungumzwa wakati umekwisha kupita, nalo ni fedha za hospitali. Limeandikwa kwa ajili ya wakulima, vibarua, wajane, wachuuzi wa sokoni na wote wasio na mshahara wa mwezi, hapa Njombe, Makambako na vijiji vya jirani. Wenye mishahara nao wasome, kwa sababu wana ndugu kijijini wanaowapigia simu usiku.

Kila mmoja wetu anajua mambo yanavyokwenda. Mtu anaugua. Kwanza anangoja, akitumaini homa itapungua. Halafu ananunua vidonge dukani. Siku ya nne au ya tano anapelekwa hospitali akiwa hajiwezi, na hapo ndugu wanaanza kutafuta mnunuzi wa mahindi, wa nguruwe, au wa miti ya mbao ambayo bado haijakomaa. Mnunuzi naye anajua kwamba mna shida, kwa hiyo bei anaipanga yeye. Miti ambayo ingengoja miaka mitano zaidi inauzwa kwa bei ya kuni. Hivyo ugonjwa wa wiki mbili huifanya nyumba kuwa maskini kwa miaka kadhaa, hata kama mgonjwa mwenyewe amepona.

Neno la kushika tangu mwanzo ni hili: kadi ya bima hununuliwa mtu akiwa mzima, na barua ya msamaha huombwa kabla ya kuugua. Zote mbili huanzia kijijini au mtaani kwako, siyo kwenye dirisha la malipo la hospitali. Anayefika dirishani bila kadi na bila barua amechelewa, ingawa, kama tutakavyoona, bado ana mlango mmoja wa kugonga.

TULIKOTOKA

Wazee wetu wanakumbuka wakati ambapo mtu hakulipa kitu katika zahanati ya Serikali. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 nchi yetu ilikusudia matibabu yawe bure kwa kila mwananchi, na zahanati nyingi zikajengwa vijijini. Lakini katika miaka ya themanini fedha za kuziendesha zilipungua sana, dawa zikaadimika, na mwaka 1993 Serikali ikaanzisha utaratibu wa wananchi kuchangia gharama, kwa kuanza na hospitali kubwa. Tangu hapo swali limekuwa lile lile: mwenye kipato kidogo achangie nini, na asiye nacho kabisa afanyeje?

Jibu moja lilijaribiwa Igunga, mkoani Tabora, mwaka 1996. Kila kaya ilitoa mchango mmoja kwa mwaka, kisha ikatibiwa bila kulipa tena. Huo ulikuwa mwanzo wa Mfuko wa Afya ya Jamii, ambao wengi wanauita CHF, na mwaka 2001 ukawekewa sheria yake. Mwaka huo huo Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, yaani NHIF, ulianza kazi kwa ajili ya watumishi wa Serikali. Mtumishi alikatwa asilimia 3 ya mshahara wake, na mwajiri akaongeza asilimia 3. Hapo ndipo njia zilipoachana. Mwenye mshahara alikatwa kabla fedha haijafika mkononi, akawa na kadi apende asipende. Mkulima aliachiwa hiari, na hiari ina adui mkubwa, nao ni ile sauti inayosema, "Mwaka jana nililipa na sikuugua, fedha yangu ikapotea bure."

CHF ya zamani ilikuwa na udhaifu mwingine pia: kadi ilitumika katika eneo lile ulikoandikishwa. Mtu wa Lupembe akiugua safarini, mbali na kwao, alikuwa kama hana kadi. Mwaka 2018 mfuko uliboreshwa. Kaya ya watu wasiozidi 6 ililipa Shs. 30,000/- kwa mwaka, isipokuwa Dar es Salaam ambako kiwango kilikuwa kikubwa zaidi. Serikali iliongeza sehemu yake, na kadi ikatumika kuanzia zahanati mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa, hata nje ya wilaya ya mwanachama.

Tufanye hesabu kidogo. Shs. 30,000/- kwa watu 6 ni Shs. 5,000/- kwa kila mtu kwa mwaka. Kwa mwezi ni Shs. 2,500/- kwa nyumba nzima. Kiwango chochote utakachotajiwa leo, kigawe namna hiyo hiyo kabla hujasema ni kikubwa. Kisha kilinganishe na fedha uliyotoa mara ya mwisho hospitalini, pamoja na nauli na chakula cha yule aliyemwuguza mgonjwa.

KWA NINI BIMA YA HIARI HUSUMBUA

Hapa tusimame kidogo, maana watu wengi hulaumu mifuko hii bila kujua inavyofanya kazi. Bima siyo benki. Fedha yako haiwekwi mahali ikakungoja. Mwaka huu inamtibu jirani aliyeugua, na mwaka ujao fedha ya jirani itakutibu wewe. Kwa hiyo ni lazima wazima wawe wengi kuliko wagonjwa. Wakiingia wagonjwa peke yao, mfuko hufa.

Mfano tunao hapa nchini. NHIF ilikuwa na kadi ya watoto iliyoitwa Toto Afya. Mzazi aliweza kumwandikisha mtoto mmoja kwa Shs. 50,400/- kwa mwaka, na wengi waliwaandikisha watoto waliokuwa tayari wagonjwa, wakawaacha wazima nyumbani. Mwezi Machi 2023 mfuko ulisimamisha uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja kwa kuwa gharama za matibabu zilizidi sana michango, ukaelekeza watoto waandikishwe kwa njia ya shule. Wazazi walilalamika, na walikuwa na haki ya kulalamika, maana mtoto mgonjwa hana kosa. Lakini hesabu haina huruma.

Nchi nyingine zilikwisha kuliona jambo hili. Ujerumani ilipitisha sheria ya bima ya ugonjwa kwa wafanyakazi tangu mwaka 1883. Rwanda ilianza majaribio ya mifuko ya jamii mwaka 1999, na leo sehemu kubwa ya wananchi wake wana bima. Kenya ilianza mfuko mpya tarehe 1 Oktoba 2024. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, na asiye na mshahara hutoa kwa kadiri ya kipato chake. Kwetu, muswada ulipelekwa Bungeni mwaka 2022, ukarudishwa kutazamwa upya, na swali kubwa likiwa ni fedha za kuwalipia wasio na uwezo zitatoka wapi. Mwezi Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote.

Sheria hiyo ina mambo mawili ambayo mwenye kipato kidogo anapaswa kuyajua. Kwanza, kila mkazi wa Tanzania Bara anatakiwa kuwa na bima. Pili, asiye na uwezo hulipiwa kutoka katika mfuko maalumu, na vyanzo vya mfuko huo vimetajwa katika sheria yenyewe, kama vile sehemu ya ushuru wa vinywaji baridi, pombe na vipodozi, na kodi ya michezo ya kubahatisha. Basi bibi asiye na kitu akitibiwa kwa mfuko huo asione haya kana kwamba ameomba sadaka. Soda zinazonywewa stendi ya Makambako, tena nyingine amezinunua yeye mwenyewe kwa wajukuu, zimo katika matibabu yake.

Sheria kama hii huingia vijijini hatua kwa hatua. Viwango hubadilishwa, na vifurushi hupewa majina mapya. Kwa hiyo usishike bei uliyoisikia kwa mwenzako mwaka juzi.

MLANGO WA KWANZA NI KIJIJINI

Nenda kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji, au wa Mtaa kwa wale wa mjini. Mwulize ni nani anayeandikisha watu, kiwango cha mwaka huu ni kiasi gani, kadi mpya huanza kutumika baada ya siku ngapi, na ni hospitali zipi zinaipokea. Hilo la siku ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, maana mara nyingi mifuko huweka muda wa kungoja ili mtu asijiandikishe asubuhi na kulazwa jioni. Usitoe fedha kabla hujajibiwa, wala usimpe mtu yeyote fedha mkononi bila stakabadhi au namba ya malipo ya Serikali. Beba namba yako ya kitambulisho cha Taifa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Mtoto asiye na cheti, anza kumshughulikia sasa, maana hilo peke yake linaweza kukuchelewesha kwa wiki nyingi.

Wakati wa kulipa ni wakati wa mavuno. Mahindi yakishauzwa, au viazi, au parachichi, fedha ya kadi itoke kwanza, kabla ya bati na kabla ya simu mpya. Mwezi wa pili, mbolea ikiwa imekwisha kumaliza kila kitu nyumbani, hakuna atakayeipata.

Ukiisha kuwa na kadi, fuata ngazi. Anzia zahanati au kituo cha afya. Ikishindikana hapo, omba barua ya rufaa kwenda hospitali ya halmashauri, na kutoka hapo hospitali ya rufaa ya mkoa. Mtu anayeruka ngazi na kwenda moja kwa moja hospitali kubwa, kwa kuwa ameambiwa huko kuna daktari mzuri, mara nyingi hutakiwa kulipa fedha taslimu ingawa kadi anayo mfukoni. Tukipelekwa Mbeya kwenye hospitali ya kanda, mambo ni mengine: CHF iliyoboreshwa iliishia ngazi ya mkoa, wakati kadi ya NHIF ilivuka. Kwa hospitali za madhehebu kama Ilembula na Ikonda, ambako wengi wetu hupenda kwenda, uliza kwanza kama zina mkataba na mfuko wako. Uliza kabla ya kupanda gari.

Tuseme kweli pia. Kadi haileti dawa ambayo haipo. Wapo wenye kadi waliopewa karatasi waende kununua duka la dawa kwa fedha yao, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya watu kutolipa mwaka wa pili. Jambo hilo lina mahali pake pa kusemwa. Kila zahanati na kituo cha afya hutakiwa kuwa na kamati ya usimamizi yenye wawakilishi wa wananchi. Mjue mwakilishi wenu kwa jina, mwulize mapato ya kituo yametumikaje, na dawa zimeagizwa lini. Kunung'unika njiani hakumfikii mganga mkuu.

WASIOTAKIWA KULIPA

Sera ya Afya ya mwaka 2007 inataja watu ambao hawapaswi kulipishwa katika vituo vya Serikali. Hao ni wajawazito kwa huduma za uzazi, watoto walio chini ya miaka 5, wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, na wagonjwa wa magonjwa kama kifua kikuu, ukoma na UKIMWI. Wapo pia maskini wa kweli wa umri wowote, lakini hao ni lazima wathibitishwe.

Mkoa wetu una sababu ya kuyajua haya kuliko mikoa mingine. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kwamba Njombe ina kiwango kikubwa cha maambukizi ya VVU kuliko mkoa wowote Tanzania Bara, asilimia 12.7 ya watu wa miaka 15 na zaidi. Vipimo na dawa za VVU hutolewa bure. Lakini mgonjwa huyo huyo anaweza kuvunjika mguu au kupata vidonda vya tumbo, na hapo huhitaji kadi kama mtu mwingine. Tena tunao mabibi wengi wanaolea wajukuu yatima. Mtoto wa miaka 4 anatibiwa bila malipo. Kaka yake wa miaka 9 halipiwi na mtu.

Tuchukue mfano wa bibi kama huyo, wa miaka 67, mwenye wajukuu watatu na shamba la nusu eka. Afanye nini? Aanze kwa mwenyekiti wa kitongoji anayemfahamu. Huyo ampeleke kwa Mtendaji wa Kijiji, jina lake liingizwe katika orodha ya wazee wasiojiweza na halmashauri ya kijiji ilithibitishe. Kwa barua hiyo aombe kitambulisho cha matibabu ya wazee, ambacho hutolewa na halmashauri ya wilaya au ya mji. Kitambulisho chake kitamhusu yeye. Hakitawafunika wajukuu, kwa hiyo kwa ajili yao aulize habari za kaya kulipiwa bima, au kadi ya kaya ambayo ndugu wa mjini wanaweza kuchangia. Kama kaya yake ilikwisha kutambuliwa na TASAF katika Mpango wa Kunusuru Kaya Masikini, ulioanza mwaka 2012 na kuzinduliwa kwa kipindi cha pili mwaka 2020, aseme hivyo na aonyeshe kitambulisho chake, maana ana ushahidi mkononi kwamba kijiji kilimtambua.

Orodha hizo hupitishwa katika mkutano wa kijiji. Hapa tuna neno kwa wenye nguvu. Wengi wetu hatuendi mikutanoni, kisha tunashangaa kwa nini jina la mjomba wa fulani limo na jina la mjane halimo. Mjane mwenyewe haya humzuia kusimama na kusema, "Mimi ni maskini." Jirani anaweza kusimama kwa niaba yake, na afadhali ajirani huyo awe mtu wa kanisani kwake.

Na aliyekwisha kufika hospitali bila kadi wala barua? Aulize afisa ustawi wa jamii. Hospitali za wilaya na za mkoa huwa naye, na kazi yake mojawapo ni kusikiliza wasioweza kulipa na kupendekeza wasamehewe au walipe kidogo kidogo. Ndugu waende kwake siku ya kwanza, wala wasingoje siku ya kuruhusiwa, deni likiwa limekwisha kukua. Watoroke usiku? Hapana. Anayetoroka hukosa karatasi zake za matibabu, na huogopa kurudi siku ya kliniki. Madeni ya hospitali yamewaumiza wengi, hata ikafika mahali maiti zikazuiwa, na katika kampeni ya mwaka 2025 Rais Samia Suluhu Hassan aliahidi kulipiga marufuku jambo hilo.

VIJANA WA MASHINE ZA MBAO

Neno fupi kwa wanaofanya kazi katika mashine za mbao, mashamba ya chai na viwandani. Ukikatwa na msumeno au ukiangukiwa na gogo kazini, hilo halihusu kadi ya kaya. Upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kupokea michango mwaka 2015, na mchango wake hutolewa na mwajiri peke yake. Hairuhusiwi kuukata katika mshahara. Mfuko hulipa matibabu ya aliyeumia au kuugua kwa sababu ya kazi, na fidia kama amepata ulemavu. Lakini ajali ni lazima iandikwe. Kijana anayepelekwa hospitali kwa bodaboda na kuambiwa na bosi aseme ameangukia shoka nyumbani, anapoteza haki yake kwa mdomo wake mwenyewe. Vibarua wa kutwa nao wadai majina yao yaandikwe.

SISI KWA SISI

Tukifiwa, mtaa mzima huchanga kwa siku moja. Unga hupatikana, maharage hupatikana, jeneza hununuliwa. Marehemu angepewa sehemu ya fedha hiyo miezi mitatu kabla, pengine tusingekuwa na msiba. Hatusemi msiba uachwe. Tunasema kwamba kumbe nguvu ya kuchanga tunayo.

Vikundi vya kuweka na kukopa tayari vipo karibu kila mtaa. Kikundi kinaweza kuweka sanduku la pili la kadi tu, kila mwanachama akatoa kidogo kila wiki mpaka mwezi wa mavuno, kisha wote wakaandikishwa siku moja. Umoja wa Mama wanaweza kuchukua kaya mbili tatu za wajane na kuzilipia, badala ya kuwapelekea sabuni na sukari wakiwa wamelazwa. Na mtu mmoja anayejua kusoma vizuri achaguliwe kushika daftari la tarehe ambazo kadi za wanakikundi zinakwisha, kwa sababu kadi iliyokwisha jana ni karatasi tu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Ni nani katika mtaa wetu mwenye miaka zaidi ya 60 ambaye hana kitambulisho cha matibabu? Ni nani kati yetu atakayemsindikiza kwa Mtendaji, na siku gani?

2. Mwakilishi wetu katika kamati ya zahanati ni nani? Mara ya mwisho alitupa taarifa lini?

3. Kila mmoja ataje, bila kuona haya, fedha aliyotumia kwa matibabu mwaka uliopita na alivyoipata. Tukijumlisha za kikundi chote, zingetosha kadi za kaya ngapi?

4. Je, wapo vijana wetu waliowahi kuumia kazini na ajali yao haikuandikwa? Wasaidiweje?